Vali inavuja lakini sijisikii mgonjwa: nipasuliwe sasa au nisubiri?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 49. Mwaka jana tulipimwa afya kazini, daktari akasikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo wangu. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha vali ya mitrali inavuja sana kwa sababu uzi mmoja unaoishikilia umekatika. EF ni asilimia 62 na LVESD ni milimita 38. Mimi sina tatizo: nalala vizuri, napanda ngazi, nafanya kazi zangu zote. Bingwa wa kwanza alisema nipasuliwe. Wa pili akasema nirudi baada ya miezi 6. Mwenzangu kazini, ambaye vali yake imebana, naye anaelezwa mambo tofauti kabisa. Kwa nini nikubali kufunguliwa kifua ilhali siumwi? Na nikisubiri, nasubiri nini hasa?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu wagonjwa wengi huambiwa "tusubiri" bila kuambiwa kinachosubiriwa. Wengi huondoka wakidhani wanasubiri waanze kuumwa. Kwa vali inayovuja kama yako, anayesubiri hadi aumwe amechelewa. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakuambia ningekushauri nini kama ungekuwa umekaa mbele yangu na ripoti hiyo.

Vali ya mitrali ni kama mlango wa mbawa mbili kati ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, yaani atria, na chumba cha chini cha kushoto, yaani ventrikali, ambacho ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Mbawa hizo zimefungwa kwa nyuzi kwenye misuli ya ventrikali ili moyo unapopiga zijifunge bila kupindukia juu. Kwako uzi umekatika, ubawa unapepea, na kwa kila pigo damu nyingi inarudi ilikotoka. Moyo hauna sauti ya kulalamika mapema. Unatanuka tu. Ventrikali inakuwa kubwa ili ibebe damu ya kwenda mbele pamoja na ile itakayorudi nyuma, na atria nayo inapanuka ili iipokee bila kuongeza presha kwenye mapafu. Presha ya mapafu isipopanda, hukosi pumzi. Kwa hiyo kujisikia kwako mzima ni kweli, wala sikubishii, ila ni uzima unaogharamiwa na misuli ya moyo, na misuli hiyo ina kikomo.

Sasa tuje kwenye namba iliyokutuliza, EF ya asilimia 62. Hapa naomba usome polepole, kwani ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo hata baadhi ya wahudumu wa afya wasioshughulika na vali kila siku. EF ni sehemu ya damu iliyomo ventrikalini ambayo hutoka kwa kila pigo. Kwa mtu mwenye vali nzima, 62 ni namba nzuri sana. Lakini kipimo hicho hakiulizi damu imekwenda wapi. Damu iliyokwenda mbele kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, inahesabiwa, na iliyorudi nyuma kwenye atria inahesabiwa pia. Tena kuisukuma damu kwenda kwenye atria ni kazi nyepesi, maana presha ya huko ni ndogo mno ukilinganisha na ya aota. Ventrikali yako inafanya nusu ya kazi yake kwenye mteremko. Ndiyo sababu moyo wenye vali inayovuja sana na misuli iliyo na nguvu kamili unatakiwa uonyeshe EF iliyo juu ya 60. Ikishuka hadi 60, hata kama mtu mwingine angeiita ya kawaida, kwetu maana yake ni kwamba misuli imeshaanza kuchoka.

Ukweli hujitokeza baada ya upasuaji. Njia ya kurudi nyuma ikizibwa, ventrikali inalazimika kusukuma damu yote kwenda kwenye aota, na EF hushuka. Moyo uliofanyiwa upasuaji ukiwa na akiba hushuka kidogo kisha ukatulia. Ule uliokwisha kuchoka hushuka na kubaki huko chini. Maurice Enriquez-Sarano na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 1994 matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu ya mitrali inayovuja. Waliokuwa na EF ya 60 au zaidi kabla ya upasuaji, asilimia 72 walikuwa hai baada ya miaka 10. Waliokuwa kati ya 50 na 60 walikuwa asilimia 53. Waliokuwa chini ya 50 walikuwa asilimia 32. Upasuaji umeboreka sana tangu wakati huo na leo namba hizo zingekuwa bora zaidi, lakini mpangilio wake haujabadilika: tofauti kubwa inaanza pale pale kwenye 60, mahali ambapo mgonjwa kwa kawaida bado hajisikii lolote.

LVESD ni upana wa ventrikali ya kushoto mwishoni mwa pigo, ikiwa imejikunja kadiri ilivyoweza. Ventrikali yenye nguvu hujikunja ikawa ndogo. Iliyochoka hubaki pana. Mpaka tunaoutumia ni milimita 40. Kwa hiyo miongozo ya Marekani na ya Ulaya inakubaliana hapa: mtu ambaye mitrali yake inavuja sana kutokana na kasoro ya vali yenyewe, akifika EF ya 60 au chini, au LVESD ya 40 au zaidi, apasuliwe hata kama hana dalili yoyote. Wewe una 62 na 38. Hujavuka mpaka, ila uko jirani nao sana, na nitarudi kwenye ujirani huo.

Kabla ya hapo, tulitazame neno "siumwi". Sikushuku kwamba unanificha. Shida ni kwamba ugonjwa huu huenda polepole, na binadamu hupunguza mwendo wake bila kujijua. Nilimhudumia mzee mmoja aliyeniapia kuwa hana dalili hata moja. Mkewe, aliyekuwa amekaa kando, akasema kwa upole: "Siku hizi ukipanda ngazi unasimama katikati unaangalia simu." Mzee akanyamaza. Muulize mwenza wako au mtu unayeishi naye kama mwaka huu unafanya yale yale uliyofanya mwaka juzi, kwa kasi ile ile. Kisha omba upimwe ukiwa kwenye mashine ya kukimbilia huku daktari akiangalia pumzi, presha na mapigo. Wapo wanaoingia chumba hicho wakiwa "hawana dalili" na kutoka wakiwa nazo. Ukikosa pumzi mapema kuliko watu wa umri wako, mjadala wa kusubiri umekwisha, maana wewe si mgonjwa asiye na dalili tena.

Tuseme umekimbia vizuri. Je, kusubiri ni hatari? Kwa nini mabingwa wawili wakupe majibu mawili? Kwa sababu tafiti zenyewe zinaruhusu yote mawili, kutegemea unafuatiliwa namna gani.

Mwaka 2006 Raphael Rosenhek na wenzake wa Vienna walichapisha habari za wagonjwa 132 wenye mitrali inayovuja sana na wasio na dalili. Waliwafuatilia kwa ratiba kali na kuwapasua mara tu dalili ilipotokea au kipimo kilipofika mpaka. Baada ya miaka 8, asilimia 55 walikuwa bado hawajafikia sababu yoyote ya kupasuliwa, na uhai wa kundi zima ulikuwa karibu sawa na wa watu wengine wa umri wao. Bingwa wako wa pili anasimama hapa, na ana haki. Ila tazama sharti lake: walifuatiliwa hasa. Hawakuambiwa tu "rudi ukijisikia vibaya".

Upande wa pili upo utafiti wa MIDA, uliokusanya wagonjwa wa vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani na kuchapishwa mwaka 2013. Hawa walikuwa 1,021, wote wakiwa na ubawa unaopepea kama wako, na hakuna aliyekuwa na sababu ya lazima ya kupasuliwa. Waliopasuliwa ndani ya miezi 3 ya kugunduliwa, asilimia 86 walikuwa hai baada ya miaka 10. Walioanza kwa kusubiri walikuwa asilimia 69. Moyo kushindwa kazi ulitokea kwa asilimia 7 ya kundi la kwanza na asilimia 23 ya kundi la pili. Tofauti ni kubwa, lakini haki itendeke: wagonjwa hawa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Madaktari ndio waliochagua nani apasuliwe, na huenda waliochaguliwa walikuwa na afya bora tangu mwanzo. Watafiti walijaribu kusawazisha tofauti hizo kwa hesabu na faida ya kuwahi ikabaki, ila hesabu haiwezi kufidia kila kitu. Mimi mwenyewe utafiti huu umenisogeza upande wa kuwahi, hasa kwa ubawa unaopepea, kwa sababu tundu la namna hiyo halijirudishi na hakuna dawa ya kuunganisha uzi uliokatika.

Kuwahi kunategemea jambo moja ambalo barua yako haikuligusa, na kwangu lina uzito kuliko EF yenyewe. Je, vali yako itatengenezwa au itabadilishwa? Kutengeneza ni pale mpasuaji anapoiacha vali yako, akakata sehemu iliyolegea au kuweka nyuzi za bandia, kisha akafunga pete kuizunguka. Njia hizi zilipata msingi wake kwa Alain Carpentier wa Ufaransa, na kwa mgonjwa anayefaa hudumu miaka mingi sana. Kubadilisha ni kuondoa vali na kuweka ya bandia, na hapo unaacha ugonjwa mmoja na kupokea mwingine. Ya chuma itakudai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote na kupima damu mara kwa mara, huku hatari ya kuganda ikiwa upande huu na ya kutokwa damu upande ule. Ya tishu za mnyama haidai warfarini ya maisha, lakini huchakaa, na kwa mtu wa miaka 49 huchakaa upesi kuliko kwa mzee wa miaka 75, hivyo kuna upasuaji mwingine unakungoja. Kumpasua mtu asiyeumwa ili umwachie vali ya bandia ambayo asingeihitaji kwa miaka mingine kadhaa ni biashara mbaya. Kumpasua ili umwachie vali yake mwenyewe, ikiwa imetengenezwa na haivuji, kabla misuli haijachoka, ni jambo tofauti kabisa.

Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020, kwa mtu kama wewe ambaye hajafika mpaka, unasema upasuaji unafaa pale uwezekano wa kuitengeneza vali bila kuacha uvujaji unapozidi asilimia 95 na hatari ya kifo iko chini ya asilimia 1. Namba hizo mbili hazipatikani kila hospitali yenye chumba cha upasuaji wa moyo. Uchambuzi wa jimbo la New York uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha wapasuaji kwa idadi ya upasuaji wa mitrali wanaofanya kwa mwaka. Wanaofanya 10 au pungufu waliitengeneza vali kwa asilimia 48 ya wagonjwa. Wanaofanya zaidi ya 50 walifika asilimia 77. Ugonjwa ni huo huo, mkono ni tofauti. Naumia kila nikiona mgonjwa wa miaka 40 na kitu amewekewa vali ya chuma kwa kasoro ambayo ingetengenezwa.

Usione haya kumuuliza mpasuaji uso kwa uso: kwa mwaka unafanya mitrali ngapi? Kati ya zenye kasoro kama yangu, unatengeneza ngapi na kubadilisha ngapi? Ukishindwa kuitengeneza, utaniwekea ipi? Mpasuaji mzuri hujibu bila kununa. Uliza pia ni ubawa upi umepata hitilafu. Wa nyuma hutengenezeka kwa urahisi zaidi. Wa mbele, au zote mbili, hudai fundi mwenye uzoefu zaidi. Vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo mbawa zake zimekuwa nene na ngumu, ni ngumu zaidi kutengeneza, na haya ninayokuambia yasichukuliwe kama yalivyo na mwenye ugonjwa huo.

Kuhusu mwenzako wa kazini, haishangazi kwamba anaelezwa mengine. Mlango wake haufunguki, wako haufungi. Kama iliyobana ni vali ya aota, mlango wa damu kutoka ventrikali kwenda aota, ventrikali haitanuki kwanza, inanenepa, kama msuli wa mtu anayebeba mizigo, na EF inaweza kubaki nzuri hadi mwisho. John Ross na Eugene Braunwald walionyesha mwaka 1968 kwamba mgonjwa huyo huishi miaka mingi kimya, kisha dalili zikianza maisha hufupika ghafla: wastani wa takriban miaka 5 baada ya maumivu ya kifua, 3 baada ya kuzimia, 2 baada ya moyo kushindwa kazi. Kwa nusu karne kanuni ikawa kusubiri dalili, isipokuwa EF ikishuka chini ya 50 au kipimo cha mazoezi kikimwangusha. Sasa kanuni hiyo inalegea, tena kwa majaribio yaliyogawanya wagonjwa kwa bahati nasibu. Korea Kusini, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lenye wagonjwa 145 ambao vali zao zilibana sana, aliyekufa kwa moyo au kwa upasuaji katika kundi la kuwahi alikuwa 1, na katika kundi la kusubiri walikuwa 11. Jaribio la EARLY TAVR la mwaka 2024, la watu 901 wa miaka 65 na zaidi, lililolinganisha kuwahi kuwekewa vali kupitia mshipa bila kufunguliwa kifua na kusubiri, lilihesabu kwa pamoja kifo, kiharusi na kulazwa ghafla kwa ajili ya moyo: asilimia 26.8 kwa waliowahi, 45.3 kwa waliosubiri. Vifo peke yake vilikaribiana, na sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kulazwa. Lakini asilimia 87 ya waliosubiri waliishia kuwekewa vali, wengi mapema kuliko walivyotarajia. Mwambie mwenzako amuulize bingwa wake kuhusu hilo. Wewe usichukue ushauri wake, na yeye asichukue wako.

Turudi kwenye 62 na 38. Kwanza, siamini kipimo kimoja. EF ya eko inaweza kutofautiana kwa pointi 5 au zaidi kutegemea aliyepima, na presha ikiwa juu siku hiyo vali huvuja zaidi. Rudia eko, ikiwezekana mahali pale pale na kwa mpimaji mwenye uzoefu wa vali. Picha zikiwa hazieleweki, kipimo cha sumaku cha moyo husaidia sana. Uliza pia urefu na uzito wako vimezingatiwa? Milimita 38 kwa mtu mwenye umbo dogo ni pana kuliko 38 kwa mtu mrefu mwenye kifua kipana. Pili, nataka namba ambazo hukuniandikia: ukubwa wa atria, presha ya mishipa ya mapafu, hali ya vali ya upande wa kulia iitwayo trikaspidi, na kama mapigo yamewahi kukosa mpangilio. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2025 unasema mgonjwa asiye na dalili na mwenye ventrikali nzima, ambaye hatari yake ya upasuaji ni ndogo na vali yake itatengenezeka ikadumu, apasuliwe kama ana angalau mambo matatu kati ya haya manne: mapigo yasiyo na mpangilio wa aina ya fibrilesheni, presha ya mishipa ya mapafu iliyozidi 50, atria iliyotanuka kupita kiwango, na vali ya trikaspidi inayovuja kwa kiasi cha wastani au zaidi.

Maoni yangu, kwa ulichonipa: una miaka 49, ubawa unapepea, namba ziko ukingoni, na sioni kitu kitakachozirudisha nyuma. Kama vipimo vikirudiwa vikabaki hapo, na ukapata timu inayokuhakikishia kwa rekodi zake kwamba itaitengeneza vali, ningekushauri upasuliwe ndani ya miezi michache ijayo, kwa utulivu, ukiwa umejipanga na kazi na familia. Si dharura. Ukipewa tarehe ya kesho kutwa na mtu asiyeweza kukuambia anatengeneza ngapi, kataa kwa heshima na utafute mwingine, hata akiwa mbali. Muda huo unao.

Ukichagua kusubiri, sitakulaumu, ila usubiri kama wale wa Vienna. Eko kila baada ya miezi 6, na ripoti zote uzitunze mwenyewe ili namba ziwekwe pamoja, kwani 62 iliyotoka 70 si sawa na 62 iliyokuwa 62 miaka mitatu mfululizo. Presha idhibitiwe. Lakini kama presha yako ni ya kawaida, usipewe vidonge vya kuishusha kwa matumaini kwamba vitachelewesha upasuaji, maana kwa mtu asiye na dalili havijaonyesha faida hiyo. Meno yatunzwe, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu hupenda kukaa kwenye vali yenye hitilafu, na homa isiyoeleweka inayodumu siku kadhaa ipimwe damu kabla hujameza antibayotiki yoyote. Na moyo ukianza kwenda mbio ovyo ovyo, ukilazimika kuongeza mto ili ulale, au ukijikuta umesimama katikati ya ngazi, usingoje miezi 6 itimie. Piga simu siku hiyo hiyo.